Semina ya siku moja haitoshi

Anayetoka Muleba kwenda Bukoba kwa basi hupita Kemondo, mji wa bandari kando ya Ziwa Victoria. Katika wilaya hiyohiyo ya Bukoba, eneo la Itahwa, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliamua kujenga kampasi ya Kagera. Wenyeji wanahesabu vyumba vya kupangisha. Mimi nawaza usalama wa mabinti watakaokosa hosteli na kupanga mtaani.

Ukubwa wa tatizo la ukatili wa kingono tumeshaupima. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Hivyo wapo wanaoingia chuoni tayari na kidonda. Rushwa ya ngono nayo ni kosa chini ya sheria ya mwaka 2007. Kinachokosekana ni majibu ya swali dogo tu: kipi hasa huzuia ukatili huu?

Huko Kanada, wanafunzi 893 wa kike waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa vipeperushi. Jingine lilifundishwa kwa saa 12 kutambua hatari mapema, hata kwa mtu wanayemfahamu, na kujinasua. Mwaka mmoja baadaye, waliobakwa walikuwa asilimia 9.8 katika kundi la vipeperushi na asilimia 5.2 katika kundi la mafunzo. Sasa linganisha na desturi yetu ya semina ya siku moja: mgeni rasmi, fulana, picha ya pamoja, basi.

Hata hivyo, kumfundisha binti peke yake ni kumbebesha mzigo wa mkosaji. Huko Hanoi watafiti waliwageukia wanaume 793 wa mwaka wa kwanza, wakalipa kundi moja masomo ya mtandaoni kuhusu ridhaa, na vitendo vya ukatili wa kingono vikawa vichache katika kundi hilo kuliko lingine. Vijana wetu nao simu haiwatoki mkononi.

Lakini tusinakili tu. Hata hapa nyumbani, jaribio la mafunzo lililofanyika Mwanza kwa wanawake wa vikundi vya mikopo lilipunguza vipigo vya wenzi wao, ilhali ukatili wa kingono haukuonyesha tofauti ya wazi. Ndiyo maana utafiti ujao ufanyike hapa, uwafuatilie wanafunzi mwaka mzima au zaidi, na usiishie getini mwa chuo: ufike kwenye vyumba vya kupanga na kwa bodaboda wa usiku.

Wakati tukisubiri utafiti huo, aliyebakwa awahi hospitali. Dawa za kuzuia VVU hutolewa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake.