Maji Peke Yake Hayatoshi: Mizani ya Maji na Chumvi Mwilini Wakati wa Joto

Kila unapoingia mwezi wa sita, swali huwa lile lile katika magrupu yetu ya familia, kuanzia Muscat mpaka Dubai na Doha: tunywe maji kiasi gani? Mimi ni muuguzi, na jawabu langu huanza na swali jengine: unapoteza nini, na unarudisha nini? Jasho si maji matupu, wala kuharisha si maji matupu. Anayepoteza maji na chumvi, kisha akarudisha maji peke yake, anaweza kuumwa na huku tumbo lake limejaa maji.

Maji yamo wapi mwilini

Mwanamme mzima wa kilo 70 amebeba kiasi cha lita 42 za maji. Theluthi mbili zimo ndani ya seli, vile vyumba vidogo vidogo ambavyo mwili umejengwa navyo. Theluthi iliyobaki imo nje ya seli, na katika hiyo ni kiasi cha lita 3 tu zinazozunguka kwenye mishipa kama maji ya damu. Mtoto mchanga ni maji karibu robo tatu ya uzito wake, na mzee ni karibu nusu tu. Akiba ya mzee ni ndogo, na mtoto hupoteza maji upesi, ndiyo maana hawa wawili huzidiwa mwanzo.

Kinachoyaweka maji mahali pake ni chumvi. Nje ya seli imetawala sodiamu, iliyomo kwenye chumvi ya jikoni. Ndani imetawala potasiamu, tunayoipata kwenye ndizi, tende, viazi na madafu. Penye chumvi nyingi ndipo maji yanapokwenda. Damu ikipimwa hospitali, sodiamu hutakiwa iwe baina ya 135 na 145 kwa kipimo cha milimoli kwa lita, na potasiamu baina ya 3.5 na 5. Nafasi ni ndogo sana, na figo ndizo zinazoilinda. Kila siku huchuja kiasi cha lita 180, zikarudisha karibu zote, na kutoa mkojo wa lita moja na nusu hivi.

Joto la huku si la Unguja

Unguja kaskazi ikipamba moto, upepo wa bahari hutusaidia usiku. Huku mambo ni mengine. Mwezi wa Juni 2018, mji wa Quriyat ulipitisha zaidi ya saa 24 bila joto kushuka chini ya nyuzi 42.6. Anayefanya kazi nzito juani anaweza kutoa jasho la lita moja kwa saa, au zaidi. Na pwani, hewa inapokuwa na unyevu mwingi, jasho hutiririka bila kukauka. Jasho lisilokauka haliupozi mwili. Linaondoka na maji na chumvi bure. Ndiyo maana hapa Oman ni marufuku kuwafanyisha watu kazi za nje juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu, mwezi wa Juni hadi Agosti.

Jasho lina chumvi, lakini chache kuliko damu. Kwa hivyo mwanzo mtu hupungukiwa maji zaidi: kiu humshika, mkojo ukawa mchache na wa rangi nzito. Hapo maji ndiyo dawa.

Hatari ya pili wengi hawaijui. Mtu ametoka jasho saa nyingi, hakula, akawa anakunywa maji matupu chupa baada ya chupa. Sodiamu katika damu hushuka, na maji huingia ndani ya seli zikavimba. Seli za mguu zina nafasi ya kuvimba, lakini ubongo umefungwa ndani ya fuvu. Huanza kichwa kuuma na kichefuchefu, kisha kuchanganyikiwa, na mwisho degedege. Walio karibu hudhani maji hayajamtosha, wakamwongezea.

Basi kunywa kidogo kidogo na mara kwa mara, ukifuata kiu yako, na kula chakula. Mchuzi, uji uliotiwa chumvi au labani yenye chumvi kidogo hurudisha kile kilichoondoka na jasho. Lakini anayekaa ndani kwenye kiyoyozi hana haja ya kuongeza chumvi. Chakula chetu kinayo ya kutosha, na presha imeshatujaa majumbani.

Wazee wetu

Kadiri umri unavyokwenda, kiu hupungua nguvu. Bibi anaweza kukwambia hataki maji, naye kweli hasikii kiu, ilhali mwili umekauka. Figo zake nazo hazishiki maji kama zamani. Ongeza vidonge vya presha, vile vinavyomfanya mtu akojoe sana, ambavyo huondoa sodiamu na mara nyingi potasiamu pia. Mzee akianza kuropokwa, kusinzia ovyo au kuanguka, tusikimbilie kusema ni uzee. Apimwe damu.

Msimwachishe vidonge kwa uamuzi wenu. Mwombeni daktari apime sodiamu na potasiamu kabla joto halijapamba moto, na mumuulize mzee anywe kiasi gani. Mgonjwa wa moyo au wa figo huenda amewekewa kikomo cha maji. Na mwenye figo dhaifu asipewe madafu na tende bila hesabu, kwa sababu potasiamu ikizidi huvuruga mapigo ya moyo.

Mtoto akiharisha

Hapa ndipo sukari na chumvi zinapookoa roho. Katika utumbo, sodiamu na sukari hupita mlango mmoja zikiwa zimeshikana mikono, na maji huzifuata. Mlango huo huendelea kufanya kazi hata kwa mgonjwa wa kipindupindu. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, Dk. Dilip Mahalanabis aliishiwa na dripu katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India. Akawapa wagonjwa maji ya sukari na chumvi wanywe. Vifo vilishuka kutoka kiasi cha 30 katika kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4.

Pakiti ya ORS ya duka la dawa ndiyo bora, na ichanganywe na maji kamili kama ilivyoandikwa. Ukiikosa, chukua lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Usikisie kwa mkono, kwani chumvi ikizidi humdhuru mtoto. Baada ya saa 24 yamwage, utengeneze mengine. Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila akiharisha, na mkubwa kidogo 100 hadi 200. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea kwa kijiko, polepole. Anayenyonya aendelee kunyonya. Soda na juisi zina sukari nyingi mno, na madafu yana potasiamu nyingi lakini sodiamu chache. Havishiki nafasi ya ORS.

Tindikali

Mizani ya tatu ni ya tindikali. Kipimo cha pH ya damu hukaa baina ya 7.35 na 7.45. Mapafu huondoa tindikali kwa kutoa hewa ya kaboni, na figo hutunza bikaboneti, ile ile iliyomo kwenye soda ya kupikia. Kuharisha sana huondoka na bikaboneti, tindikali ikapanda, na mtoto akaanza kupumua haraka na kwa kina ili aipunguze. Ndiyo maana pakiti ya ORS ina sitreti, ambayo mwili huigeuza bikaboneti.

Mgonjwa wa sukari akipumua hivyo, akatapika, tumbo likamuuma na pumzi ikanuka kama matunda yaliyoiva sana, ni dharura. Yale maji ya alkali yanayouzwa kwa bei kubwa hayamsaidii, wala hayabadilishi pH ya damu ya mtu mzima wa afya.

Usingoje

Mpelekeni hospitali mtoto aliyepitisha saa 6 hadi 8 bila mkojo, mwenye macho yaliyobonyea, anayelia bila machozi au asiyeweza kunywa. Aliyepigwa na joto akachanganyikiwa au kuzimia, mwekeni kivulini, mmwagieni maji na kumpepea, na msimnyweshe kitu akiwa hana fahamu. Oman piga 9999. Kwengineko, namba ya dharura ya nchi mliyopo. Andikeni namba hiyo na vipimo vya maji ya chumvi na sukari, mbandike jikoni, pale kila mtu wa nyumba anapoona. Mwenyezi Mungu atuhifadhi sote na joto hili, amin.