Je, Wajua? Pikipiki ya Butembo Hufika Ikiwa Vipande

Je, wajua kwamba mwaka 1957 Mwingereza Colin Chapman alianza kuuza gari dogo la michezo, Lotus Seven, likiwa vipande ndani ya masanduku? Serikali ya Uingereza ilitoza kodi ya ununuzi kwa gari zima, lakini aliyenunua vipande na kuviunga mwenyewe nyumbani alisamehewa. Husimuliwa kwamba kanuni zilikataza kumpa mteja maelekezo ya kuunga, basi akapewa ya kulifungua gari, ayasome kuanzia mwisho. Mwaka 1973 VAT ikachukua nafasi ya kodi ile, msamaha ukafa, na mwaka huohuo haki za kulitengeneza zikaenda kwa kampuni ya Caterham.

Je, wajua kwamba kwetu Kivu Kaskazini biashara ya namna hiyo iko hai, ila kwa magurudumu mawili? Simama mlangoni mwa muuza pikipiki Butembo: TVS ya India, au nyingine ya China, inatolewa ndani ya kreti na gurudumu la mbele kando, usukani kando, vioo vimefungwa karatasini. Imeshuka bandarini Mombasa, ikapita Nairobi, Kampala na Kasese, ikavuka Mpondwe kuingia Kasindi, kisha Beni. Hiyo ni zaidi ya kilomita 1,500. Tofauti na Mwingereza yule, mnunuzi wetu haiungi mwenyewe. Anasimama pembeni akihesabu siku za deni, naye fundi anaharakisha.

Je, wajua kwamba haraka hiyo ndiyo ugonjwa wa kwanza wa pikipiki mpya? Chukua betri. Mara nyingi huja kavu, tindikali yake ikiwa kwenye chupa ya pembeni. Ikishajazwa inapaswa kutulia, kisha kuchajiwa polepole kabla ya kuwasha injini. Ikifungwa papo hapo hufa mapema, na lawama zote hupelekwa India. Na ukiona imepungua baada ya miezi, ongeza maji yasiyo na madini, usiongeze tindikali.

Spoki nazo hulegea katika siku za mwanzo gurudumu linapojikalisha. Zigonge kwa spana moja baada ya nyingine: inayotoa sauti butu imelegea.

Je, wajua kwamba oili ya kwanza ndiyo chafu kuliko zote zitakazofuata? Vyuma vipya vinaposuguana hutoa unga mwembamba, ndiyo maana watengenezaji wengi hutaka oili ibadilishwe kwenye kilomita 500 hivi za mwanzo. Motari anayebeba abiria mjini humaliza hizo kabla hata hajazoea gia zake.

Je, wajua kwamba katika pikipiki nyingi hizi oili moja inahudumia injini, sanduku la gia na klachi? Klachi inaogelea humohumo. Baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano, vizuri kwa injini ya gari lakini vibaya kwa klachi inayotegemea msuguano huo kushika. Matokeo yake injini inapiga kelele mlimani na gurudumu halifuati. Tafuta kwenye kopo herufi JASO MA au MA2. Ni kipimo cha Kijapani cha mwaka 1998, kilichowekwa kwa ajili ya pikipiki. Herufi MB ni za pikipiki ambazo klachi yake haiogelei, hasa skuta.

Je, wajua kwamba Butembo na Beni si hewa moja? Butembo iko kwenye mita 1,700 na ushei juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Mombasa. Kabureta haijui hilo: inaendelea kumwaga petroli kama iko pwani, hewa haitoshi kuiunguza yote, buji inatoka nyeusi kama sufuria ya mkaa. Fundi mzuri atapunguza petroli kidogo. Lakini Beni iko chini kwa karibu mita 500, na ukielekea Kasindi, jirani na Ziwa Edward, unazidi kushuka. Pikipiki iliyobanwa sana kwa hewa ya mlimani inafika huko ikiwa na hewa nyingi na petroli kidogo: inapata joto kupita kiasi, inapigapiga kwenye ekzosi ukiachia gesi, na buji inatoka nyeupe. Anayefanya safari hiyo kila wiki asikubali kabureta ibanwe hadi mwisho.

Kumbe buji inasema mengi. Rangi ya kahawia ni afya. Masizi makavu ni petroli kuzidi, au filta ya hewa kuzibwa na vumbi jekundu. Ikitoka imelowa oili, pete za pistoni zimechoka, na hapo kubadilisha buji ni kujidanganya.

Je, wajua namna ya kupima petroli ya kadhafi kabla ya kulipa? Makadhafi hao, wauza chupa wa kando ya barabara, wanatuokoa, tusiwaseme vibaya wote. Acha chupa itulie, kisha iangalie dhidi ya mwanga. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini kama tabaka la pekee. Mafuta ya taa hayaonekani hivyo. Hayo utayajua kwa moshi na kwa injini kugonga ukipanda. Maji yakishaingia, chini ya kabureta kuna skrubu ndogo ya kuyatoa. Kazi ya dakika chache, mradi hakuna anayevuta sigara karibu.

Je, wajua kwamba mnyororo uliokazwa mno unaua kuliko uliolegea kidogo? Ukiubonyeza katikati upande wa chini, ucheze sentimita 2 hadi 3. Ukipakia abiria wawili na gunia la mkaa hukaza wenyewe, ukakosa nafasi, ukala meno ya gia na beringi za gurudumu.

Chukudu yetu ya kubebea mizigo, peke yake, ndiyo haina habari na haya yote. Ni mbao, magurudumu yaliyovishwa mpira wa tairi, na breki ya kipande cha tairi kinachokanyagwa kwenye gurudumu la nyuma. Ilinde na mvua na uipake grisi, basi.

Je, wajua, mwisho, ugonjwa unaowalipa mafundi pesa nyingi kwa kazi ndogo? Pikipiki inakwenda vizuri, inazimika, inakaa kidogo, inawaka tena. Watu hufungua kabureta, hubadilisha buji, hata koili. Kumbe tundu dogo la kupumulia kwenye kifuniko cha tangi limezibwa na tope, hewa haiingii, petroli haishuki. Ndugu motari, ikizimika njiani fungua kifuniko hicho kwanza, kisha hakikisha bomba la petroli liko kwenye risevu, ndipo umwite fundi.