Feni ndogo ya mashine ya kuangulia mayai

Feni ikisimama usiku, mayai yaliyo karibu na balbu yanapata joto jingi na ya mbali yanapoa. Feni ya kompyuta ya volti 12 haina kaboni za kulika, hivyo inadumu. Chagueni yenye waya nne. Mbili ni za stima. Msiikatize-katize ili kupunguza mwendo, maana saketi ya ndani yaitaka wakati wote. Mwendo unaamriwa kupitia waya ya nne: chipu ya bei nafuu kama ATtiny85 hupeleka mapigo 25,000 kwa sekunde, na kila pigo likirefushwa feni hukaza mwendo. Waya ya tatu ndiyo mlinzi. Iungeni na volti 5 kupitia rezista ya omu 10,000. Itatoa mapigo 2 kila mzunguko. Yakikoma, chipu ipige king'ora. Chipu yenyewe ipewe volti 5 tu, 12 zitaiunguza.