Je, Wajua? Kuku wa Mashineni Wamekuzidi kwa Lishe

Pita Mahege, wilayani Kibiti, msimu wa mavuno ya mpunga, usimame nyuma ya mashine ya kukoboa. Mbele utasikia mteja akimwambia fundi, "Pitisha tena baba, bado mwekundu." Nyuma, kwenye lundo la pumba laini, kuku wanachakura kwa raha zao, kila mteja anayedai weupe anawaongezea chakula. Leo safu hii iko upande wa kuku.

Je, wajua kuwa nafaka moja tumeipa majina matatu? Shambani ni mpunga, gunia likitoka mashineni ni mchele, sahanini ni wali. Lakini ile hatua ya kuusugua mchele mpaka ung'ae haikupewa jina lake, na huenda ndiyo maana tunaipita bila kuiuliza maswali.

Je, wajua kuwa kila punje ina vyumba vitatu? Kuna utando wa juu, ambao ukitolewa huitwa pumba au wishwa: humo mna nyuzinyuzi, madini na vitamini za kundi B. Kuna kiini, yaani mmea mchanga unaosubiri mvua, chenye mafuta na vitamini E. Kisha kuna wanga, sehemu kubwa kuliko zote, ambayo kazi yake hasa ni kutia nguvu. Mashine ikikoboa sana inakuachia chumba hicho cha tatu peke yake. Gramu 100 za mchele wenye utando wake zina takriban gramu 3 na nusu za nyuzinyuzi. Mchele mweupe una kama gramu 1 hivi.

Je, wajua kuwa mpunga wa delta ya Rufiji hulindwa kutoka juu? Mkulima hujenga dungu, kibanda cha nguzo ndefu, akakaa humo kufukuza ndege mchana na nguruwe usiku. Miezi ya kukesha, halafu dakika chache za mashine zinatupa sehemu yenye lishe kuliko zote.

Je, wajua kuwa bibi zetu walikula vizuri bila kusomea lishe? Mchi na kinu huondoa ganda, na ungo hupepeta makapi, lakini mkono wa mtu huchoka kabla punje haijang'aa. Mchele wa kutwanga ulibaki na wekundu wake, na ndani ya wekundu huo ndimo vitamini zilimokuwa.

Je, wajua kuwa takrima ya nafaka pwani hii ina umri wa karibu miaka 2,000? Kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 kinasema wafanyabiashara waliofika pwani ya Azania, yaani pwani hii yetu, walibeba mvinyo na nafaka. Hawakuzibeba ili wauze, ila wapate urafiki wa wenyeji. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimbua Mkukutu, huku huku Kibiti, akakuta shanga za kioo za Kirumi, na mwaka 1999 akatangaza kuwa delta ya Rufiji ilikuwa ndani ya biashara hiyo.

Je, wajua kuwa mchele ni mgeni? Asili yake ni Asia. Kisiwani Pemba, mabaki ya vyakula yanaonyesha kuwa watu wa Tumbe, kati ya karne ya 7 na ya 10, walitegemea zaidi uwele. Kufikia karne ya 11, pale Chwaka, mchele ulikuwa umeshatawala jiko. Mahindi ni mgeni wa juzi zaidi: yalitoka Amerika baada ya 1492. Wenyeji wa bara hili ni mtama, uwele na ulezi, na Umoja wa Mataifa uliutenga mwaka 2023 kuzienzi nafaka za jamii ya uwele na ulezi.

Je, wajua kuwa kuku ndio waliofichua siri ya pumba? Mwishoni mwa karne ya 19 daktari Mholanzi, Christiaan Eijkman, alikuwa kisiwani Java akitafuta chanzo cha beriberi, ugonjwa unaolegeza miguu na kuua moyo. Kuku wake wa majaribio wakaanza kuyumba kama wagonjwa. Kumbe walikuwa wakilishwa makombo ya wali mweupe kutoka jikoni mwa hospitali ya jeshi. Akaja mpishi mpya, akakataa kuwapa kuku wali wa wanajeshi; wakarudishiwa mchele usiosuguliwa, wakapona. Kilichokosekana ndicho leo tunachokiita vitamini B1. Mwaka 1929 Eijkman alishiriki Tuzo ya Nobel.

Je, wajua kuwa sifa za nyuzinyuzi zilivumishwa kutoka Afrika Mashariki? Denis Burkitt alifika Uganda mwaka 1946 kama daktari wa upasuaji. Daktari mwenzake, Hugh Trowell, alikuwa ametangulia, akianzia Kenya mwaka 1929. Wote wawili waliona kuwa wagonjwa wao wa vijijini, waliokula vyakula visivyokobolewa, mara chache walikuwa na maradhi ya utumbo, moyo na kisukari yaliyojaza wodi za Uingereza. Mwaka 1975 wakatoa kitabu. Mwaka 2019 jarida la The Lancet lilichapisha uchambuzi wa tafiti 185 na majaribio 58: walaji wa nyuzinyuzi nyingi walikuwa na hatari pungufu kwa asilimia 15 hadi 30 ya kufa mapema, au kupata maradhi ya moyo, kisukari na saratani ya utumbo mpana.

Je, wajua kuwa wodi zetu nazo zimeanza kujaa? Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kuwa karibu Mtanzania 1 kati ya 11 wa miaka 25 hadi 64 ana kisukari, na zaidi ya 1 kati ya 4 ana shinikizo la damu.

Je, wajua kuwa wiki mbili zinatosha mwili kubadilika? Watafiti wa KCMC, Moshi, na wenzao wa Uholanzi waliwachukua wanaume 77 wenye afya. Baadhi waliozoea chakula cha asili walihamishiwa mkate mweupe na chipsi. Wengine wakafanya kinyume. Matokeo yalichapishwa 2025: waliohamia vyakula vya kizungu walionyesha dalili za uvimbe wa ndani ya mwili na kinga yao ikalegea, na kwa waliohamia vya asili, uvimbe ukashuka.

Je, wajua kwa nini duka linapenda sembe, yaani unga wa mahindi yaliyokobolewa, kuliko dona lisilokobolewa? Dona lina kiini, kiini kina mafuta, na mafuta huchacha. Sembe hukaa rafuni miezi. Tangu 2011 kanuni zinavitaka viwanda viongeze madini chuma, zinki na vitamini kwenye unga: tunatoa kwa mashine, kisha tunarudisha kwa mashine. Dawa ya dona ni kusaga kidogo kidogo.

Je, wajua kuwa dona la mahindi mabovu ni hatari? Kuvu wa mahindi yasiyokauka hutoa sumukuvu. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua na 20 wakafa. Kausha juu ya turubai, chambua yenye ukungu, hifadhi pakavu.

Je, wajua kuwa si kila usindikaji ni adui? Muhogo mchungu una sumu ya sianidi. Kuuloweka, kuuvundika na kuuanika kunaiondoa. Tarime, mwaka 1985, ukame uliwafanya watu waharakishe kazi hiyo, na wengine wakapooza miguu kwa ugonjwa wa konzo. Uliza kila mara: kinachoondolewa ni sumu au ni lishe?

Je, wajua kuwa makande ni chakula cha wataalamu? Mahindi yana upungufu wa kijenzi cha protini ambacho kunde na mbaazi zimejaaliwa. Kunde nazo zina upungufu ambao mahindi huujaza.

Je, wajua kuwa kiporo kina faida na hasara? Wanga uliopikwa ukapoa, sehemu yake hugeuka na kupita tumboni kama nyuzinyuzi. Lakini wali ukilala nje kwenye joto huzaa bakteria, na sumu yao haifi kwa kupashwa moto.

Na mwisho, je, wajua kipimo? Tangu 2023 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, pamoja na gramu 400 za mboga na matunda. Hutazipata kwenye sembe na soda. Utazipata kwenye dona, kunde, kisamvu na embe. Basi wiki hii ukibeba mahindi, mwambie fundi, "Saga bila kukoboa." Ukibeba mpunga, mwambie asiupitishe mara ya pili. Kama watoto watagoma, changanya nusu kwa nusu mpaka ulimi uzoee. Kuku watafutie chakula kingine.