Kupunguza Bila Kufuta: Vigezo vya Kuteua Nyimbo za Msingi katika Mikusanyo Mikubwa ya Santuri, kwa Mtazamo wa Ukanda wa Mofwe, Zambia

Ikisiri

Mikusanyo mikubwa ya muziki uliorekodiwa Afrika ya Kati na Kusini katika karne ya 20 ni nadra kusikilizwa yote. Wasikilizaji wengi huifikia kupitia teuzi fupi zilizofanywa na watu wachache. Makala haya yanaeleza jinsi mkusanyo unavyopunguzwa hadi nyimbo zinazohesabiwa kuwa za msingi, kwa mifano ya rekodi za Hugh Tracey na makasha ya roki ya Zambia, na yanatazama maana ya upunguzaji huo kwa watu wa Nchelenge na ufuko wa Ziwa Mweru. Hoja kuu ni kwamba upunguzaji hauepukiki, lakini kigezo kisichotajwa hugeuka kuwa hukumu juu ya nyimbo zilizoachwa. Taratibu nne zinapendekezwa kwa wahifadhi na watunga sera.

1.0 Utangulizi

Kutoka Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe karibu na ziwa dogo la Mofwe, hadi Kashikishi na Nchelenge kwenye ufuko wa Ziwa Mweru, mpaka wa Zambia na Kongo unapita majini. Ng'ambo ya ziwa kuna mji wa Kilwa wa Kongo, na nyuma yake nchi ya Katanga ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya migodini, sokoni na ya nyimbo. Wavuvi, wachuuzi na vibarua wa migodi wamevuka ziwa hilo na mto Luapula kwa vizazi vingi, na nyimbo zimevuka pamoja nao.

Muziki wa ukanda wa namna hii ni mgumu kuuweka ndani ya kasha moja. Ukipangwa kwa nchi, unakatwa katikati. Ukipangwa kwa kabila, nyimbo za wahamiaji zinakosa pa kukaa. Ukipangwa kwa ala, nyimbo zisizo na ala zinapotea. Kwa hiyo ukanda wa Mofwe ni mahali pazuri pa kupimia swali la jumla: anayepunguza mkusanyo anatumia kipimo gani, na kipimo hicho kinamwacha nani nje?

2.0 Hatua za Upunguzaji: Mfano wa Rekodi za Tracey

Hugh Tracey alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika mwaka 1954, na baada ya kifo chake mwaka 1977 maktaba hiyo ilihamia Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Mfululizo wake mkuu, Sound of Africa, una santuri ndefu 210. Ikikadiriwa kuwa kila santuri ina dakika 40 tu, anayetaka kuusikiliza wote anahitaji saa 140, yaani wiki tatu na nusu za kazi bila kufanya jambo jingine. Hakuna mwalimu wa sekondari wala mtangazaji wa redio mwenye nafasi hiyo.

Upunguzaji wa rekodi hizi ulifanyika kwa hatua. Hatua ya kwanza ilikuwa mbele ya kipaza sauti. Santuri ya mizunguko 78 kwa dakika ilibeba takriban dakika tatu kila upande, hivyo ngoma iliyochezwa usiku kucha ililazimika kufupishwa kabla haijarekodiwa. Hatua ya pili ilikuwa kuchagua zitakazoingia katika santuri 210. Hatua ya tatu ilikuwa mfululizo mwingine, The Music of Africa, wa santuri 25 zilizokusudiwa wasikilizaji wa kawaida. Hatua ya nne ilikuja kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, pale Michael Baird, mwanamuziki mzaliwa wa Zambia anayeishi Uholanzi, alipotoa CD zaidi ya 20 alizoziteua kutoka katika hifadhi hiyo.

Mojawapo ya CD hizo, Origins of Guitar Music, inaunganisha Kongo ya kusini na Zambia ya kaskazini kwa rekodi za kati ya mwaka 1950 na 1958. Kwa mtu wa Nchelenge, mpangilio huu una manufaa: kigezo cha ala na ukanda kimerudisha pamoja kile ambacho mpaka wa kikoloni ulikitenga. Msikilizaji anaelewa mara moja kwamba upigaji gitaa kwa vidole wa Mwenda Jean Bosco, aliyerekodiwa na Tracey huko Jadotville (sasa Likasi) mwaka 1952, haukuwa tukio la mtu mmoja bali sehemu ya mtindo ulioenea migodini na vijijini pande zote mbili. Ndio uliokuwa muziki wa vijana wa siku zile. Kwa upande wa Zambia ulisikika pia kwa msaada wa kituo cha redio cha Lusaka, kilichotangaza kwa Kibemba na lugha nyingine, na wa redio ndogo ya betri iliyoanza kuuzwa kwa pauni tano mwaka 1949 na kupewa jina la sufuria.

3.0 Kile Kigezo Kinachokiacha Nje

Kigezo hicho hicho chenye manufaa kina gharama. Wapigaji gitaa waliorekodiwa miaka ya 1950 walikuwa karibu wote wanaume. Uteuzi unaoanza na gitaa hauwezi kufika kwenye nyimbo za chisungu, unyago wa wasichana wa Kibemba ambao Audrey Richards aliuchunguza na kuuandikia kitabu mwaka 1956. Katika unyago huo wimbo, kifaa cha kufundishia na tendo vimefungamana, na mafunzo hayaeleweki kimoja kikiondolewa. Hakuna aliyekusudia kuwafuta wanawake; kigezo kimewafuta kimyakimya.

Mfano wa pili ni nyimbo za sifa za Mwata Kazembe. Majina ya sifa ya watawala wa Walunda, yaliyokusanywa na J. C. Chiwale katika chapisho la mwaka 1962, yana lugha ya kale ambayo msemaji wa kawaida wa Kibemba haielewi bila kufasiriwa. Kwa kigezo cha utamu wa kusikiliza, nyimbo hizo zitaondolewa mapema. Kwa Walunda wenyewe ni hati: zinataja ushindi, nasaba na haki ya kukaa mahali. Anayezikata kwa sababu hazichezeki amekata ushahidi.

Mfano wa tatu ni kalela, ngoma iliyoelezwa na J. Clyde Mitchell mwaka 1956 baada ya kuitazama Luanshya, ikichezwa na Wabisa waliotoka upande wa Ziwa Bangweulu. Wachezaji walivaa nadhifu kwa mtindo wa mjini huku wakiimba sifa za kwao na kuwatania watu wa makabila mengine. Ukoo wake unagusana na beni iliyotoka pwani ya Waswahili. Sauti pekee ya kalela, bila mavazi na bila kujua nani alikuwa akitaniwa, ni nusu ya habari.

4.0 Kasha Zima au Nyimbo Chache: Mfano wa Roki ya Zambia

Muziki wa miaka ya 1970 unaonyesha njia mbili zilizofuatwa na kampuni moja ya Marekani, Now-Again. Mwaka 2012 ilitoa kasha la bendi ya WITCH bila kuchuja, lenye albamu zao kuanzia ya kwanza hadi ile ya mwaka 1977. Mwaka 2017 ilitoa Welcome to Zamrock!, juzuu mbili za nyimbo zilizoteuliwa kutoka kwa bendi mbalimbali. Kasha la kwanza linamwezesha mtafiti kuona bendi ikikua, ikikosea na kubadilika. La pili linampa mgeni njia ya kuingilia. Hakuna linaloweza kufanya kazi ya jingine.

Hata hivyo, yote mawili yanafuata sauti ya roki. Kalindula, muziki uliochukua jina lake kutoka kwa ala ya besi ya kuundwa kwa mikono na kustawi sana Luapula, uko nje ya wigo wake. Ulifika kwa wanunuzi wa Ulaya kwa mlango mwingine, kwa mfano katika santuri teule Zambiance! ya mwaka 1989, ambamo bendi ya Shalawambe kutoka Luapula imo. Mtu akisoma makasha ya roki kama historia ya muziki wa Zambia, atadhani Luapula ilinyamaza.

5.0 Mapendekezo

Kwanza, kila uteuzi uandikwe kigezo chake waziwazi, pamoja na aina za nyimbo zilizoachwa. Ukurasa mmoja unatosha, na unamwezesha msomaji kutofautisha chaguo na hukumu.

Pili, orodha ya awali isikilizwe na wenye nyimbo kabla haijafungwa. Katika muongo wa 2010 maktaba ya Tracey ilishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi kurudisha nakala za rekodi kwa jamii za Kenya, wakiwemo Wakipsigis. Baadhi ya wasanii au jamaa zao walitambuliwa zaidi ya miaka 60 baada ya kurekodiwa. Wasikilizaji wa Kashikishi na Mwansabombwe, wanaume kwa wanawake, wanaweza kufanya kazi hiyo hiyo kwa rekodi za Luapula.

Tatu, wimbo usitenganishwe na jina la mwimbaji, lugha, mahali na shughuli yake. Bila taarifa hizo, hata suala la hakimiliki na malipo kwa warithi haliwezi kuanza.

Nne, zilizoachwa zibaki zikifikika. Shule ya Nchelenge inaweza kufundisha kwa nyimbo 20, mradi mwanafunzi anayetaka ya 21 ajue ilipo na aweze kuisikiliza.

6.0 Hitimisho

Mkusanyo usiopunguzwa hauwafikii watu, na uliopunguzwa bila maelezo huwafikia ukiwa na pengo wasilolijua. Nyimbo za msingi hazimo ndani ya kasha zikingoja kuokotwa. Huwa za msingi kwa mtu fulani na kwa kazi fulani. Kwa mnunuzi wa Utrecht ni gitaa, kwa Mlunda wa Mwansabombwe ni sifa za Mwata, na kwa nyakanga wa chisungu ni zile ambazo huenda hazikuwahi kuwekwa kwenye santuri. Sera ya uhifadhi itakayowauliza wote watatu itapata orodha ndefu kidogo kuliko ilivyotarajiwa, na gharama ya urefu huo ni ndogo kuliko ile ya kutafuta baadaye wimbo ambao wajuzi wake wamekwisha kufariki.