Uvumi wa kurudi Camaro: Jina hurudi, kiwanda hakirudi

LISEMWALO lipo, kama halipo laja. Wapenzi wa gari la Chevrolet Camaro nchini Marekani huenda hawaijui methali hii, lakini ndiyo wanayoishi nayo tangu Desemba 2023, mwezi ambao Camaro ya mwisho ilitoka katika kiwanda cha Lansing Grand River, jimbo la Michigan.

Miezi tisa kabla ya hapo, Machi 2023, Scott Bell, aliyekuwa akiiongoza Chevrolet, alitangaza kuwa uzalishaji unasimama. Alisema kampuni haikuwa na gari la kurithi nafasi hiyo la kutangaza kwa wakati huo, lakini akaongeza kuwa huo haukuwa mwisho wa habari za Camaro. Maneno hayo machache yalitosha kufungua soko la uvumi. Wengine wakasema itarudi ikitumia umeme na ikiwa na milango minne. Wengine wakasema itakuja kama gari la juu la familia, mfano wa RAV4. Na wapo wanaoapa kuwa itarudi vilevile ilivyokuwa: milango miwili, injini ya petroli ya silinda nane, na mngurumo wake.

Huu si mchezo wa vijana wapenda kasi peke yao. Yupo mwenye yadi anayekataa kuuza gari leo kwa sababu huenda bei ikapanda kesho. Yupo muuza vipuri anayejaza stoo. Yupo pia mfanyakazi wa kiwandani anayeahirisha kuhama mji akingoja kuitwa kazini. Ni hesabu ileile ya mwenye magunia ya mahindi aliyesikia kuwa mpaka utafunguliwa mwezi ujao.

Bahati nzuri, Camaro imewahi kufa ikafufuka, na kumbukumbu zake zipo. Mtu akizipitia kwa jicho la biashara anaona jambo moja ambalo wavumishaji hawalisemi: jina la gari linaweza kurudi, lakini fedha zake hazirudi kwa watu walewale.

Lilizaliwa kwa wivu

Aprili 1964 kampuni ya Ford ilitoa Mustang, gari dogo la bei nafuu lenye sura ya kimichezo. Katika mwaka wa kwanza yaliuzwa magari zaidi ya 400,000. General Motors, kwa kifupi GM, ambayo ndiyo mmiliki wa Chevrolet, ilikuwa haina kitu cha kujibu. Ilijibu Septemba 1966 kwa kutoa Camaro, ikaiunda katika mji wa Norwood, Ohio, na pia Van Nuys, California.

Mwaka 1972 nusura gari hilo life. Wafanyakazi wa Norwood waligoma kwa siku 174. Mgomo ulipokwisha, magari yapatayo 1,100 yalikuwa yamebaki nusu kwenye mstari wa kuundia, na sheria mpya ya bampa ya mwaka 1973 ilikuwa imeshafika. Kuyakamilisha kwa kufuata sheria hiyo kungegharimu mno, hivyo yakageuzwa chuma chakavu. Ndani ya GM wapo waliotaka Camaro ifutwe kabisa. Haikufutwa, na mwaka 1979 yakaundwa magari zaidi ya 282,000, idadi ambayo Camaro haijaifikia tena.

Kuanzia hapo ilikuwa kushuka. Norwood ilifungwa mwaka 1987, Van Nuys mwaka 1992. Kazi ikahamia Canada, kwenye kiwanda cha Sainte-Thérèse kilichoko Boisbriand, karibu na Montreal. Kiwanda hicho kilikuwa kimeokolewa mwaka 1987 kwa mkopo usio na riba wa dola za Canada milioni 220 kutoka serikali ya nchi hiyo na ya jimbo la Quebec, na kilibaki kuwa kiwanda pekee cha GM cha kuunda magari katika jimbo zima. Mkopo haukutosha kuleta wateja. Agosti 2002 Camaro ya mwisho ilitoka, pamoja na pacha wake Pontiac Firebird, na milango ikafungwa.

Miaka minne ya minong'ono

Uvumi wa kurudi ulianza hata kabla vumbi halijatulia. Ulidumu miaka minne, na kwa kipindi hicho wavumishaji hawakuwa na ushahidi wowote. Mambo matatu ndiyo yaliyougeuza kuwa kweli, na hakuna hata moja lililotokana na mapenzi ya mashabiki.

La kwanza lilikuwa mauzo ya jirani. Ford ilitoa Mustang mpya ya mwaka 2005 yenye sura ya zile za miaka ya 1960, na mwaka huo ikauza zaidi ya 160,000 Marekani. GM sasa ilikuwa na ushahidi kuwa wateja wapo na wana fedha mkononi.

La pili lilikuwa kosa la GM yenyewe. Mwaka 2004 kampuni hiyo ilifufua jina jingine la zamani, Pontiac GTO, kwa kuchukua gari la Holden Monaro kutoka Australia na kulibandika nembo. Lilikuwa gari imara na lenye mbio. Lakini kwa sura halikuwa na chochote cha GTO ambayo watu waliikumbuka. GM ilitarajia kuuza 18,000 kwa mwaka. Katika miaka mitatu yote yaliuzwa takriban 40,000, kisha likaachwa. Walichojifunza hapo ni kwamba anayenunua jina la zamani anataka na sura yake.

La tatu, ambalo ndilo zito kuliko yote, lilikuwa gharama. Kusanifu gari kuanzia chini, yaani chesisi, ekseli, usukani na breki, hula mamilioni ya dola mengi kiasi kwamba gari la milango miwili haliwezi kuyarudisha peke yake. Holden ya Australia ilikuwa tayari inatengeneza msingi mpya kwa ajili ya magari yake makubwa. Camaro ikapandishwa juu ya msingi huo, na gharama zikagawanywa. Bila Holden, uvumi ungebaki uvumi.

Januari 2006 gari la mfano lilionyeshwa Detroit. Agosti mwaka huohuo GM ikatangaza rasmi kuwa litaundwa. Mwaka 2007 likaonekana katika sinema ya Transformers, tangazo ambalo kampuni chache zinaweza kulipata, wakati gari lenyewe bado halijafika dukani. Uzalishaji ulianza Machi 2009. Juni 1 mwaka huo GM ikakimbilia mahakamani kuomba ulinzi dhidi ya wadai wake, ikiwa imeelemewa na madeni. Gari jipya lilizaliwa katika nyumba yenye msiba.

Hata hivyo liliuzika. Mwaka 2010 Wamarekani walinunua Camaro zaidi ya 81,000, ikaipita Mustang.

Sasa turudi Boisbriand. Waliounda Camaro ya mwisho mwaka 2002 hawakupata kitu. Gari lilirudi Canada, ndiyo, lakini lilikwenda Oshawa, jimbo la Ontario, mamia ya kilomita kutoka kwao. Ardhi ya kiwanda chao iligeuzwa kuwa eneo la maduka na makazi. Na Oshawa nako hakukuwa na uhakika: mwaka 2015 Camaro ya toleo jipya ilihamishiwa Lansing, kwa sababu toleo hilo lilitumia msingi mmoja na magari ya Cadillac yaliyokuwa yakiundwa huko. Kwa hiyo ndani ya miaka 50 gari moja liliacha nyuma yake Norwood, Van Nuys, Boisbriand na Oshawa. Mfanyakazi aliyesikia kuwa gari linarudi alipaswa kuuliza linarudi wapi, na linagawana msingi na gari gani.

Kwa nini lilishindwa tena

Mauzo yalipanda hadi zaidi ya 88,000 mwaka 2011, kisha yakaanza kuteremka. Mwaka 2022 hayakufika 25,000, wakati Mustang iliuza zaidi ya 47,000 katika soko hilohilo. Sababu zinatajwa nyingi: bei, madirisha membamba yanayomzuia dereva kuona vizuri, na wateja kuhamia kwenye magari ya juu ya familia.

Sababu moja haizungumzwi sana, ingawa msomaji wa Afrika Mashariki ataielewa upesi. Camaro haijawahi kutoka kiwandani ikiwa na usukani wa kulia. Kwa hiyo Australia, Afrika Kusini, Kenya, Tanzania na Uganda zote zilikuwa nje ya hesabu, isipokuwa kwa mtu aliyekubali kulipia gharama ya kuhamisha usukani. Huko Australia kampuni ya HSV iliifanya kazi hiyo kati ya mwaka 2018 na 2020, kwa magari machache na kwa bei ya juu. Ford ilifanya tofauti. Kuanzia toleo la 2015 Mustang ilitengenezwa kwa usukani wa pande zote mbili na ikauzwa duniani. Soko la nyumbani lilipolegea, Ford ilikuwa na pengine pa kuuza. Camaro ilikuwa kama mkulima mwenye mnunuzi mmoja.

Wakala wa La Harpe

Wafanyabiashara wa Camaro wanacho kisa cha kukumbuka, na kilitokea katika mji mdogo wa wakulima, La Harpe, jimbo la Illinois. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wakala wa Chevrolet wa mji huo, Fred Gibb, aliagiza Camaro 50 za aina ya pekee zilizoitwa ZL1, zenye injini ya lita saba iliyotengenezwa kwa aluminiamu kwa ajili ya mashindano. Aliziagiza akiwa na matarajio fulani ya bei. Zilipofika, ankara ilisema zaidi ya dola 7,000 kwa kila moja, wakati Camaro ya kawaida ya 1969 ilianzia chini ya dola 3,000.

Nani katika mji wa wakulima angelipa fedha hizo kwa gari la mashindano? Gibb aliuza chache, na GM ikakubali kuchukua tena zaidi ya 30 na kuwagawia mawakala wengine. Baadhi zilichukua miaka kupata mnunuzi. Jumla zilizoundwa ni 69 tu, na ndiyo maana leo ZL1 halisi ikipelekwa mnadani inafikia mamia ya maelfu ya dola. Wapenda kusimulia kisa hiki huishia hapo kwenye mnada. Lakini fedha za mnadani hazikwenda kwa aliyebeba mzigo mwaka 1969. Yeye alikuwa na ankara ya kulipa mwezi ule.

Wanaofaidika na jina hili mwaka hadi mwaka ni kundi jingine kabisa, nalo halitegemei uvumi. Ni wauza vipuri vya magari ya zamani. Dynacorn ya California, kwa mfano, inauza bodi nzima mpya ya Camaro ya 1967 au 1969, ya chuma, tayari kufungwa injini. Mteja wao tayari ana gari, au ana karatasi za gari lililooza. GM isipounda Camaro nyingine kamwe, mteja huyo bado atahitaji bawa na bampa.

Kwa mwenye kuuza Camaro zilizotumika za miaka ya 2010, hali ni tofauti, na yeye ndiye mwenye sababu ya kuogopa. Gari jipya likija, mnunuzi wake ana pa kwenda. Magari ya 1969 hayagusiki kwa namna hiyo, kwani anayeyataka hayupo sokoni kwa ajili ya gari jipya.

Dalili za kutazama

Mwaka 2025 uvumi ulipata kuni mpya. Julai mwaka huo sheria iliyosainiwa Washington ilishusha hadi sifuri faini zilizokuwa zikitozwa kampuni ambazo magari yake yanakula mafuta kupita kiwango. Septemba 30, punguzo la kodi la hadi dola 7,500 kwa mnunuzi wa gari la umeme likafikia mwisho. Dodge, ambayo ilikuwa imetoa Charger ya umeme mwaka 2024, ikaanza kuuza Charger ya petroli pia. Wenye kuvumisha wakasema njia ni nyeupe.

Njia kuwa nyeupe si gari kuwa barabarani. Katika miaka ya 2002 hadi 2006 dalili za kweli zilikuwa mbili tu: msingi ambao gari jingine limeshaulipia, na kiwanda kilichotajwa kwa jina. Dalili hizo huonekana katika mikataba ya kampuni na chama cha wafanyakazi wa magari, UAW, na katika maagizo yanayopelekwa kwa watengenezaji wa vipuri. Hadi mwisho wa mwaka 2025 GM ilikuwa haijatangaza rasmi kiwanda wala tarehe ya Camaro mpya.

Ilichotangaza, Mei 2025, ni dola milioni 888 kwa ajili ya kiwanda chake cha Tonawanda, jimbo la New York, kitakachotengeneza injini mpya ya silinda nane kuanzia mwaka 2027. Mashabiki waliisambaza habari hiyo kwa shangwe. GM ilieleza kuwa injini hizo ni za pikapu na magari yake makubwa ya juu. Camaro haikutajwa.