Fahamu: Blogu ya kwanza ifunguliwe wapi?

Blogu ni tovuti ambamo makala hupangwa kwa tarehe. Kwa anayeanza Butembo au Beni, mashariki mwa Kongo (DRC), Blogger na WordPress.com hutoa nafasi bila malipo, ingawa ya pili huweka matangazo. Zote humruhusu mwandishi kupakua nakala ya maandishi yake, na hilo ndilo sharti la kwanza.

Kwa nini si Facebook tu?

Ni kweli, wasomaji wapo Facebook na WhatsApp. Kiungo cha makala kitumwe huko. Lakini makala yaliyoandikwa huko tu huzama haraka. Kwa mfano, Desemba 2018 uchaguzi uliahirishwa Beni na Butembo, sababu zikitajwa Ebola na usalama. Anayetafuta leo ushuhuda wa siku zile huupata kwa urahisi zaidi palipo na tarehe na anwani ya kudumu.